Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya: Dhoruba Isiyo na Jina Nayo Huzamisha Mashua

Pwani ya Kusini,
11 Novemba 2024.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Wilaya.

YAH: UTABIRI WA HALI YA HEWA KUTOFIKA UFUKWENI KWA WAKATI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii ni ya nne. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu mwezi Machi, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, nikarudi nyumbani na nakala yangu mfukoni kama mtu aliyefanikiwa. Ya pili, ya Juni, ilirudishwa kwa kuwa haikupitia kwa Mtendaji wa Kata. Ya tatu ilipitia kwa Mtendaji wa Kijiji, ikapitia kwa Mtendaji wa Kata, ikafika Septemba, na tangu hapo kila nikipiga simu naambiwa faili liko mezani. Meza ya nani, sijaambiwa. Ndiyo maana hii ya nne naiweka hadharani. Sikusudii kumwaibisha mtu, kwa hiyo sikutaja wilaya wala kijiji. Wewe utajijua, na wenzako wa wilaya nyingine za pwani wakijiona humu, nao wajihesabu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, hiki tunachokiita BMU, katika diko moja la dagaa, yaani pale ufukweni mashua zinapotia nanga na kushusha samaki. Kusi imekwisha, kaskazi inabisha hodi. Kuanzia sasa hadi Machi tuko katika ile miezi ya fukuto mchana na wingu jioni, na usiku hakuna anayeuwekea dhamana. Naandika mapema ili yasijirudie ya Februari.

Naomba niyasimulie, maana katika barua zile tatu niliyaweka kwa mistari miwili ya kiofisi na nadhani ndiyo sababu hayakusomeka.

Ilikuwa giza, siku zisizo na mbalamwezi, ambazo ndizo siku za kuvua dagaa kwa taa. Mashua zetu hutoka saa kumi na moja jioni ili ziwe zimetia nanga na kuwasha taa kabla ya isha. Mchana ule joto lilikuwa la kukaba roho. Kwenye saa nane upepo ulikufa kabisa, bahari ikatulia kama mafuta kwenye sufuria. Mzee mmoja alitazama upande wa bara, akasema hali hii haipendi. Lakini mzee huyo husema hivyo kila siku, hata siku ya Idi, kwa hiyo hakuna aliyemjali. Mashua kumi na moja zikatoka.

Saa mbili na nusu usiku, redio ilipomaliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo, ikasoma utabiri: angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa usiku ule. Nilikuwa barazani kwa jirani. Nikainuka hadi ufukweni, nikaziona taa zao zimejipanga kule mbali kama mji. Nikapiga simu za manahodha wanne, akapatikana mmoja. Akaniambia, “Katibu, huku shwari tupu, dagaa wamejaa taani.” Haikupita nusu saa zile taa zikaanza kuzimika, moja baada ya nyingine.

Mashua tisa zilirudi usiku uleule kwa namna zinavyojua zenyewe. Ya kumi ilipandishwa mwambani. Ya kumi na moja ilipinduka, na watu wake kumi na wanne wakashikilia madumu na maboya ya nyavu mpaka wenzao wakawaokota alfajiri. Mashine ilizama, jenereta ikazama, taa na nyavu za mkopo zikaenda. Mmoja wao, kijana wa miaka kumi na tisa, hajagusa maji ya bahari hadi leo. Anauza vocha stendi. Lakini hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakukuja hata pikipiki ya serikali kutupa pole. Nilipoleta barua ya Machi, ofisa mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, “Vifo vingapi?” Nikamwambia hakuna. Akaweka kalamu chini.

Sasa linaloniuma. Asubuhi yake niliikuta picha katika kundi la WhatsApp la kata, ramani yenye rangi ya njano ukanda wote wa pwani. Ilikuwa imetumwa saa kumi kasorobo alasiri. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa: taarifa ilikuwa imeshaingia wilayani saa moja na robo kabla ya nanga ya kwanza kung'olewa. Kwenye simu yangu, kwa mtandao wa kijijini kwetu, lile duara lilizunguka mpaka usiku wa manane. Na mimi ndiye mwenye simu janja. Katika kila manahodha watano wa diko hili, wanne wana kitochi.

Kwa hiyo ieleweke tangu mwanzo kwamba sina ugomvi na wanaopima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilifanya kazi yake, ikatazama wingu, ikasema. Ugomvi wangu ni juu ya njia ya kutoka ofisini hadi mchangani, na njia hiyo iko chini ya kamati unayoiongoza wewe. Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Saa ya taarifa. Redio inasoma utabiri saa mbili na nusu usiku, saa tatu na nusu baada ya mashua kutoka. Ofisi inatuma picha ikipata nafasi. Hakuna aliyewahi kutuuliza nyinyi hutoka saa ngapi. Na hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu dhoruba zetu za kaskazi si kama kimbunga kinachofuatiliwa wiki nzima. Nchi kavu inachemka tangu asubuhi, hewa yenye unyevu inapanda, alasiri wingu linasimama kama mnara, kisha linaangusha upepo baridi unaokimbia mbele ya mvua. Ndiyo maana kabla yake kunakuwa shwari ile ya kudanganya. Mtaalamu hawezi kukuambia juzi kwamba wingu hilo litaangukia diko fulani. Anaweza kukuambia leo mchana kwamba hali ya namna hiyo ipo. Taarifa ya aina hii uhai wake ni saa chache tu. Ikilala mezani mpaka jioni, imeshaoza kama dagaa wa jana.

2. Lugha yake. Taarifa inasema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, uwezekano wa kutokea ni wastani, kiwango cha athari ni wastani, maeneo ya pwani yote. Pwani ya bara, kutoka mpaka wa Kenya hadi mto Ruvuma, ina kilomita zipatazo 800. Nahodha anayesimama mchangani na watu kumi na wanne nyuma yake anataka kujua jambo moja: upande wetu, usiku huu, nitoke au nisitoke? Najua hakuna ofisa atakayethubutu kumjibu hivyo. Lakini kati ya “wastani” na jibu hilo pana nafasi kubwa sana, na mtu wa kuijaza ni ofisa wetu wa uvuvi, ambaye anaijua miamba yetu na anajua nani ana mashine ya farasi 15 na nani anategemea tanga. Halafu kuna hizi rangi. Njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Nilipowauliza wavuvi thelathini wa diko letu mwezi Machi, wanaozijua walikuwa watatu, na mmoja wao ni mimi. Kwa wengi angalizo na tahadhari ni neno moja.

3. Joto. Hapa naomba univumilie, maana hili halijawahi kuandikwa na mtu yeyote kwetu, na nusu ya wanaoumia si wavuvi.

Njoo diko letu saa saba mchana mwezi Januari. Utawakuta akina mama wanachemsha dagaa kwenye makarai makubwa, moto wa kuni chini, jua la utosi juu, mchanga unaunguza nyayo hata ukivaa kandambili. Nguo zao zimelowa jasho na hazikauki. Wataalamu wa afya watakueleza kwamba mwili hupoa jasho linapokauka, na kwetu hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka tu bila kukauka. Nyuzijoto 33 za pwani si sawa na 33 za Dodoma. Lakini utabiri unatupa namba hiyo moja, kavu, kana kwamba sote tuko mahali pamoja. Januari iliyopita mama mmoja alidondoka kando ya karai. Wenzake walimvuta kivulini wakammwagia maji ya chumvi, kwa kuwa maji baridi hayakuwapo. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Zahanati ilimpokea, yeye na mtoto wazima. Kwa maana nyingine, vifo sifuri, kalamu chini.

Na mama huyohuyo ndiye anayepigwa na dhoruba mara ya pili. Dagaa akichemshwa huanikwa juani, na jua zuri humkausha kwa siku moja au moja na nusu. Akinyeshewa katikati, anavunda na kubadilika rangi, mnunuzi wa Congo hamgusi. Unabaki kumuuza chakula cha kuku, kwa bei ambayo hata kuni hazirudi. Mama huyu akiambiwa asubuhi kwamba leo alasiri kuna wingu, ataacha nusu ya mzigo kwenye chumvi, au atafunika vichanja mapema. Hahitaji setilaiti. Anahitaji mtu apite na kipaza sauti saa moja asubuhi.

Wakulima wa mwani nao wana lao. Maji mafu yakikutana na jua kali, maji ya kina kifupi yanapata moto, mwani unakuwa mweupe na kukatika kwenye kamba. Wakijua mapema kwamba wiki inakuja ya joto, wanaweza kuvuna kabla. Watoto shuleni, chini ya mabati yasiyo na dari, sitawasemea. Wewe mwenyewe ulitembelea shule yetu mwaka jana, ukahutubia dakika kumi na kufuta uso mara nyingi.

Lingine dogo ambalo wenye feni hawalifikirii: usiku wa fukuto mvuvi halali. Anayelala mchana kwenye nyumba ya bati halali pia. Jioni anaingia baharini macho mekundu, na dhoruba inamkuta anasinzia. Joto na dhoruba vinaandikwa kwenye karatasi mbili tofauti, lakini kwetu vinakuja kwa mtu mmoja, siku moja.

4. Mlingoti. Mwaka fulani ulikuja mradi, ukasimamisha pale dikoni mlingoti wa chuma wa kupandishia bendera za tahadhari. Picha zikapigwa, soda zikanywewa. Bendera hazikuletwa. Hivi sasa mlingoti umefungwa antena ya televisheni ya banda la mpira, na kusema kweli picha inakuja safi.

5. Kamati ya maafa ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Ya kwetu ipo, mimi ni mjumbe, jina langu limeandikwa. Sijawahi kuitwa kikaoni.

Mheshimiwa, ningeweza kudhani kwamba jambo hili haliwezekani, kama nisingeona kwa macho yangu likiwezekana. Mwezi Mei mwaka huu kilipokuja kimbunga Hidaya, wilaya iliamka. Redio ilikatiza taarabu kusoma taarifa. Gari la matangazo lilipita dikoni mara tatu kwa siku moja. Ofisa uvuvi alisimama mchangani na suruali imekunjwa magotini, akitusaidia kuburuta mitumbwi. Misikitini kulitangazwa. Huko Dar es Salaam boti za kwenda Unguja zikasitishwa. Kimbunga kilifika karibu na Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimepungua nguvu, mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi kule Somanga, lakini katika diko letu hakupotea hata kasia. Tulisema, kumbe serikali inaweza! Siku zile nilikusifu mbele ya watu, na sifa ile siirudishi.

Ila Hidaya alikuwa na jina. Ukiwa na jina unatangazwa, unapewa gari na mafuta. Dhoruba ya Februari haikuwa na jina. Ilidumu dakika arobaini, haikuonekana kwenye televisheni ya nchi yoyote, na ndiyo iliyozamisha mashua. Kwa mwaka tunapata wangapi kama Hidaya? Hao wasio na jina huja kila kaskazi, na masika yakianza wanaongezeka.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nilishapewa mlangoni.

Mtasema taarifa iko mtandaoni, kila mwananchi aitafute. Nimeshaeleza habari ya duara linalozunguka. Naongeza kwamba nahodha wa miaka sitini, anayezisoma nyota kuliko nisomavyo mimi gazeti, hawezi kuambiwa maisha yake yako ndani ya bando.

Mtasema hakuna bajeti. Ya nini? Bendera tatu ni vitambaa, na fundi cherehani wa kijiji ameshakubali kuzishona bure mkituletea vipimo na rangi sahihi, asije akashona machungwa ikafanana na nyekundu. Ujumbe mfupi wa simu kwa watu wawili wa kila diko, ukiwa maneno matupu bila ramani, unaingia kwenye kitochi hata mtandao ukiwa wa kuchechemea. Hapa hatuombi rada.

Mtasema wavuvi ni wabishi, wakiambiwa wasitoke wanatoka. Hili lina ukweli, na sitalificha. Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa ajili ya kimbunga Kenneth, kikapita kusini zaidi na kushukia Cabo Delgado, Msumbiji. Huku kwetu wakarudi majumbani wakicheka, “tumekimbizwa na upepo wa redioni.” Aprili 2021 Jobo naye alififia kabla ya kufika Dar es Salaam, vichekesho vikaongezeka. Mpaka leo ukisema neno utabiri mbele ya vijana, atatokea mmoja aseme “kama Jobo?” Lakini tujiulize nani aliyewaeleza baada ya hapo. Nani alikuja kukaa nao chini ya mkungu akawaambia kwamba Kenneth hakuwa uongo, na kwamba waliouawa naye ni majirani zetu wanaozungumza lugha kama yetu ng'ambo ya Ruvuma? Utabiri ukikosea au dhoruba ikikwepa, ofisi inanyamaza, na ukimya huo ndio unaotengeneza ubishi. Mvuvi anazoea kukosea. Hutupa nyavu akapata maji matupu na kesho anatupa tena. Anachokataa ni kuambiwa jambo kwa sauti ya amri, likageuka, na asipate neno.

Na wapo wazee wetu wanaosema vimbunga si vya pwani hii. Kwa kiasi fulani wana haki. Tuko karibu na ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha kuwa kimbunga, kwa hiyo vingi vinazaliwa kusini yetu na kuelekea Madagascar na Msumbiji. Lakini vichache si sifuri. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzivunja merikebu za Sultani Barghash bandarini. Aprili 1952 kiliipiga Lindi, watu wakafa. Marehemu bibi yangu alikuwa akihesabu umri wa watoto wake kwa mwaka ule: huyu kabla ya tufani, huyu baada. Na Hidaya alikuja mwezi Mei, wakati ambao kwa kawaida vimbunga vya bahari yetu vimeshalala. Bahari ikipata moto zaidi ya ilivyozoea, kalenda ya zamani haitoshi.

Pengine mtasema pia kwamba jambo hili ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa, si la wilaya. Hapana, Mheshimiwa. Wao wanatoa. Kupokea, kutafsiri na kufikisha ni kwenu. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza Machi 2022 kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe amefikiwa na tahadhari za mapema. Imebaki miaka mitatu. “Kila mtu” huyo ni pamoja na mama wa karai na kijana wa vocha.

Tunachoomba ni hiki, na tumekiandika kifupi ili kisihitaji kikao cha kukifafanua:

1. Kila siku ya kaskazi, kuanzia mwezi ujao hadi mwisho wa Machi, ujumbe mfupi wa maneno ufike kwa watu wawili wa kila diko kabla ya saa tisa alasiri, hata kama ujumbe wenyewe ni “leo hakuna angalizo.” Siku ya kimya hatutajua kama ni shwari au ni mtu kasahau.

2. Redio ya hapa iombwe kusoma utabiri wa bahari saa saba mchana. Mwenye redio ni mtu wa hapahapa, anajulikana; akiombwa na ofisi yako atakubali kwa simu moja.

3. Ofisa uvuvi apewe ruhusa ya maandishi ya kuongeza sentensi yake moja ya mahali chini ya taarifa rasmi. Bila ruhusa hataongeza, anaogopa kibarua chake.

4. Vipimo na rangi za bendera vitufikie. Mlingoti tutauomba wenyewe kwa mwenye banda la mpira. Mechi za Simba na Yanga zisipangwe wiki hiyo, vinginevyo sijui.

5. Joto liingizwe kwenye mpango wa maafa wa wilaya kama linavyoingizwa mafuriko. Kwa kuanzia: tangi la maji ya kunywa dikoni, banda la kivuli kwa wachemshaji, na agizo kwa shule kwamba michezo na kazi za bustani zisiwe kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri katika miezi hii.

6. Kamati ya maafa ya kijiji iitwe mara moja kabla ya Desemba. Tutachangia chai.

7. Kila baada ya angalizo, liwe limetimia au halikutimia, mtu aje atuambie ilikuwaje.

Na barua hii ijibiwe. Hata jibu la kukataa tutalipokea, mradi liwe na tarehe na sahihi, nilibandike kwenye ubao wa diko badala ya kuwaeleza watu habari za meza.

Nimeambatanisha, kwa mara ya nne, orodha ya majina na namba za simu za manahodha wetu, pamoja na saa wanazotoka. Katika orodha ya Machi mashua zilikuwa kumi na moja. Sasa ni kumi, kwani ile iliyopinduka mwenyewe ameiuza mbao.

Giza lijalo linaanza wiki ya mwisho ya mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa BMU

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Ofisa Uvuvi wa Wilaya
Mtendaji wa Kata (ili isirudishwe)
Ubao wa matangazo, dikoni